Neno Tulilolichukua Kwenye Taar

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina yote, hata ya vitu ambavyo vilikuwa bado havijafika sokoni. Yote ni yote. Kwa hiyo sina budi kuamini kwamba "bando" lilikuwemo, na "tiki za buluu" zilikuwemo, na kwamba Adamu aliyapokea kwa subira kuliko mimi. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, ingawa sehemu kubwa ya umri huo sasa naimaliza nikiwauliza wajukuu maana ya maneno.

Naishi Garissa mjini, si mbali na soko la mifugo. Nyumbani tunasema Kisomali. Kiswahili nilikipata shuleni, kikanilisha ofisini, na mpaka leo nakiheshimu kama mtu anavyomheshimu mwajiri mwema. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo Nairobi na kuja kwetu likizo, huzisema lugha zote mbili kwa pamoja na kuzimwagia Sheng juu yake. Anayemsikiliza hujiona kama amepewa chai, maziwa na soda katika kikombe kimoja.

Kwetu habari haitolewi ovyo. Watu wawili wakikutana, kwanza ni salamu, kisha amani, kisha watoto, mvua, malisho na mifugo, na kila swali hungoja jibu lake. Baada ya hapo mmoja humwomba mwenzake habari. Anayeombwa huzitoa zote, na mwingine hunyamaza, ila anaguna kidogo kuonyesha kwamba hajalala. Akimaliza, zamu hugeuka. Jambo zito huja mwisho, mioyo ikishatulia. Mtu anayeruka salamu na kuingia kwenye jambo moja kwa moja tunamjua: amebeba habari ya kifo.

Kabla ya simu za mkononi tulikuwa na taar. Hiyo ilikuwa redio ya mawasiliano iliyokaa kibandani, Garissa, Wajir, hata kule kambini Dagahaley. Ulipanga foleni, ukaketi, ukazungumza na ndugu yako aliye mbali huku foleni nzima ikisikia siri zako na kukupa ushauri. Kwa kuwa redio ile haikuruhusu watu wawili kusema kwa wakati mmoja, kila ukimaliza ulitakiwa kusema "ofa", yaani "over" ya Waingereza, ndipo mwenzako aanze. Ukisahau, mwenye kibanda alikukaripia mbele ya wakwe zako. Kwa hiyo hatukusahau. Vibanda viliondoka lakini neno likabaki. Mke wangu mpaka leo akinigombeza humalizia kwa "ofa", nami najua nimeruhusiwa kujitetea.

Kiangazi kilichopita mdogo wangu alikuwa upande wa Hulugho na ng'ombe wetu. Visima vilikuwa vinakauka, na alikuwa ameamua kuvuka mpaka kutafuta malisho ng'ambo. Ng'ombe walikuwa wamedhoofika. Safari moja wangeiweza, ya pili hapana. Siku hizo hizo, baada ya sala ya adhuhuri, nikakutana na dereva wa lori la mifugo aliyetoka Ijara. Tulipomaliza habari zetu kwa utaratibu, akaniambia mvua imenyesha kule na majani yameanza kuota. Ijara ni huku, mpaka ni kule. Mdogo wangu angekosea njia, tungebaki na ngozi tu.

Nilimpigia, hapatikani. Mtandao kwake hushika akipanda juu ya kichuguu kimoja, na hupanda asubuhi tu. Mjukuu wangu akaniita babu kwa Kisomali: "Awoowe, mtumie voisi. Akipata network ataiskia." Akanionyesha pa kubonyeza, akaenda zake jikoni kwa bibi yake. Mimi nikaituma voisi yangu kama mtu aliyelelewa vizuri.

Kesho yake asubuhi tiki zikawa za buluu. Jibu halikuja. Siku ikaisha, ikaja nyingine. Nikaanza kumdhania vibaya ndugu yangu, Mungu anisamehe. Tangu zamani husema sisi watu wa mjini mvua tunaijua kwa madimbwi tu, na nikawaza kwamba kiburi kile ndicho kitakachoua ng'ombe.

"Ameiskia, awoowe," mjukuu akasema. "Amekuseen. Sasa anakulenga tu."

"Kulenga ni kazi ya mwenye bunduki. Sema maneno ya watu."

"Basi amekukaushia, hataki kukujibu."

"Ukame uliopo unatutosha."

Akaichukua simu aisikilize voisi mwenyewe. Sauti yangu ikatoka, "Assalamu alaykum, walaal, ndugu yangu. Ofa." Kisha kimya. "Mko salama huko? Ofa." Kimya. "Watoto? Ofa." Akanitazama.

"Awoowe, hapa ulikuwa unangoja nani?"

"Namngoja ajibu."

"Lakini hii si simu. Umerekodi."

"Najua nimerekodi. Ndiyo maana nikamwachia nafasi yake."

Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Bibi yake akatoka jikoni kuuliza nani ameumia. Voisi ikaendelea: nikamwomba ndugu yangu habari zake, nikasema ofa, kikafuata kimya kirefu sana, kwa maana namjua, habari zake hazina ufupi. Mwisho kabisa, mahali pa jambo zito, ndipo ilipokuwa mvua ya Ijara.

"Na hii ofa kila saa, kwani unauza nini?"

Nikamweleza habari ya taar. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kwa hivyo nyinyi mkichukua neno kwa redio ni heshima, sisi tukichukua letu kwa simu ni ushenzi?"

Nimesoma vitabu vya dini tangu utotoni na nimewafundisha wengine. Mke wangu akaona nimekwama, akasema, "Ofa."

Tukakubaliana na binti yule nitume nyingine fupi. Yeye alitaka niseme mvua tu. Nilikataa, siwezi kumwita ndugu yangu kama mtu anayeagiza nyama hotelini. Tukapatana salamu moja. Nikasema kwa pumzi moja, "Assalamu alaykum, mvua imenyesha Ijara, majani yapo, usivuke mpaka, wassalam." Nilijiona kama nimeingia nyumba ya mtu kupitia dirishani.

Asubuhi chai ilikuwa bado mkononi simu ikalia. Alikuwa juu ya kichuguu, anahema.

"Walaal, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Usinifiche. Ni mke wako?"

"Yupo hapa, anakusalimu. Anasema wewe ndiye utakayetangulia."

"Basi kwa nini unanitumia habari isiyo na kichwa? Nimeisikia nikiwa nimeshashuka, nikakimbia kurudi juu mpaka kiatu kimebaki njiani! Na juzi ulininunia."

"Mimi?"

"Uliniuliza habari zangu, nikakupa zote. Nikakueleza ng'ombe mmoja mmoja, hata yule mwekundu aliyevunjika pembe. Nikakuambia mimi nasema tuvuke, wewe unasemaje? Nikasema ofa. Ukanyamaza. Nikasema ofa tena. Nikajua umekasirika hutaki tuvuke ila unaona haya kusema."

"Ulipokuwa unasema, hukusikia sauti yangu humo ndani?"

"Nilisikia kitu kinanong'ona. Nikapandisha sauti yangu."

Kumbe alikuwa akiijibu voisi kama taar, na mvua ya Ijara ilikuwa imenyesha yote chini ya pembe ya ng'ombe mwekundu. Nilimwambia tena, taratibu, na yeye akaguna kila nilipotua. Mizigo ilikuwa tayari imefungwa juu ya punda, nyuso zao zikielekea mpakani. Akawageuza palepale. Ng'ombe wachache walibaki njiani, wengi wakafika majanini, na Mwenyezi Mungu ndiye mtoaji.

Siku hizi mdogo wangu anatuma voisi fupi zenye salamu zote katika pumzi moja, kama mtu anayefukuzwa na simba. Juzi aliniletea moja ya malalamiko: "Walaal, jana uliniseen ukanilenga." Sijui neno hilo lilimfikiaje kule kwenye majani, nadhani na lenyewe lilifuata mvua. Na binti yule, aliyerudi chuoni, kila akiniandikia humalizia kwa "ofa", na simjibu mpaka nilione neno hilo.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe mvua mahali pake na kwa wakati wake, ailinde mifugo yako kama unayo na riziki yako kama huna mifugo, awaweke hai wale ambao ungependa kuwapa habari zako, na awape masikio ya kufika mwisho wake. Nakuachia nafasi hapa uitikie amin.