Mpera wa Nyuma ya Bafu

Jirani yangu mwenye kitalu cha miche hana mazoea ya kusifia kitu. Tangu mpera uliojiotea nyuma ya bafu lake uzae matunda ambayo bwana shamba anasema hajayaona popote, kila asubuhi huuendea na utepe wa fundi cherehani shingoni. Hunusa jani kwanza, ndipo alipime. Hupasua pera, huchokoa mbegu kwa pini, huzihesabu, kisha huzihesabu tena kana kwamba aliyehesabu mwanzo ni mtu asiyemwamini. Fomu ya kusajili aina mpya namjazia mimi, maana mikono yake haikauki. Niliandika "tamu sana," akanikata jicho. "Futa hiyo, jirani. Hayo ni maneno ya sokoni. Andika mbegu nne, na ganda hupasuka mvua ikizidi."

"Hata kasoro?"

"Kwani si yake?"

Jana tukafika mstari wa mwisho: jina la mgunduzi. Niliandika lake bila kuuliza. Akainama, akasoma, akachukua kifutio, akafuta taratibu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Andika la wifi yangu."

Nilishangaa, maana hao wawili wana miaka minne hawasemezani. "Kwa nini yeye?"

Akauzungusha utepe kidoleni. "Siku tuliyogombana, mimi ndiye niliyekuwa na panga. Yeye aliushika mche kwa mikono miwili, akaniambia nianze na vidole vyake."