Mshale Mpya wa Bwana Mkaguzi

Mwaka 1975 kijiji cha Miteja kilikuwa na mashine moja ya kusaga, baiskeli kumi na tisa, na wataalamu wa magari wapatao arobaini. Gari hakikuwa nalo. Hilo halikuwapunguzia wataalamu hao elimu yao. Pengine liliwaongezea, maana mtu asiye na gari hana kitu cha kumsuta.

Mkuu wao, kwa cheo alichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyewahi kukipinga kwa maandishi, alikuwa Abdurahmani Likwata, fundi wa ile mashine ya kusaga. Alipokuwa kijana alitoka kwao Njinjo kwa miguu mpaka Nachingwea, Waingereza walipokwenda kulima karanga kwa matrekta. Karanga hazikuota kama zilivyoagizwa, Waingereza wakafunga virago, naye Abdurahmani akarudi na ujuzi wa injini na sanduku la bati lenye spana ishirini na mbili. Kwa maoni yake, hayo ndiyo yaliyokuwa mavuno pekee ya mradi ule. Operesheni ya vijiji ilipomtoa shambani kwake na kumleta Miteja, alibeba sanduku lake kichwani, kitanda akamwachia mkewe Mwanaheri akibebe. Mwaka ulikuwa umepita, na Mwanaheri alikuwa bado analitaja jambo hilo, hasa mbele ya wageni.

Kamati ya kijiji ililitupia macho sanduku lile tangu siku ya kwanza. Kila mkutano alisimama mtu kuuliza kama spana ni njia ya kuzalisha mali, ambayo lazima iwe ya wote, au ni chombo cha nyumbani kama sufuria. Abdurahmani alijibu kila mara kwamba ni kama sufuria. Mkutano ukaahirisha suala hilo kila mara.

Sasa Bwana Modesti, mkaguzi wa korosho wa wilaya, alikuwa na gari dogo jekundu. Jina lake halisi lilikuwa la Kizungu, lenye herufi nyingi zisizotamkwa, basi watu waliliita Mshale. Injini yake ilikaa nyuma na kulia kama nyigu ndani ya debe, na lilipita Miteja kwa mwendo ambao kuku waliujua kuliko binadamu. Kila lilipopita, wataalamu walisimama. Lilipokwisha kupita walikaa, wakaanza kulichambua.

Mwezi Februari Bwana Modesti alikuja na habari nzito kuliko zote za mwaka ule: kiwanda kilikuwa kimeliunda Mshale upya. Umbo jipya, injini yenye nguvu zaidi, na nyuma mlango mzima unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha kasha. Yeye alikwisha kuagiza la kwake. Akamwazima Abdurahmani kijitabu chenye picha, kwa heshima ya fundi kwa fundi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa fundi.

Mshale mpya lilishushwa bandarini Dar es Salaam mwezi Machi. Hapo mvua ikafunga barabara ya Rufiji, kama inavyofanya kila mwaka bila kuuliza nani ameagiza nini, na gari likabaki huko mpaka Julai. Miteja ilipata miezi minne ya kubishana juu ya gari ambalo hakuna aliyeliona. Hawakupoteza hata siku moja.

Baraza lilikuwa kwenye banda la Mboni, mwuza vitumbua, mwanamke mwenye mwili na sauti inayolingana nao. Kijitabu kilipita mikononi mpaka kikawa laini kama kitambaa. Bwana Modesti alipopita kwa Land Rover ya kazi, watu walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla hajauliza habari za korosho walimwuliza:

"Na Mshale hajambo?"

"Hajambo. Amefunikwa turubai."

"Alhamdulillahi."

Abdurahmani hakuijua lugha ya kijitabu, lakini michoro aliijua. Siku moja aliweka kikombe chini akatamka kwamba gari hili halina propela.

"Halina nini?" aliuliza Sipriani. Huyu alikuwa dereva wa lori la ushirika, Mmakonde wa Newala aliyehamia pwani, mtani wake Abdurahmani na mtu pekee pale mwenye leseni.

"Propela. Ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma. Tazama. Injini imehamia mbele, imelazwa upande, na nguvu inaishia mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta."

"Na ya nyuma yanafanya nini, mtani? Yanasindikiza?"

"Ndiyo, yanasindikiza."

Banda likacheka mpaka Mboni akaacha vitumbua viungue. Sipriani alisimama. "Mimi nimeendesha miaka kumi na minne. Lori linasukumwa nyuma. Basi linasukumwa nyuma. Hata toroli la msikitini kwenu linasukumwa nyuma. Wewe uliwasha trekta mbili za Waingereza, leo unatuambia gari linakokotwa kama mbuzi?"

"Halikokotwi, linajivuta."

"Apia."

Abdurahmani hakuapa. Alifanya kosa kubwa zaidi. "Likija likawa linasukuma kwa nyuma," alisema, "spana zangu ni za kijiji."

Kicheko kilikatika. Mjumbe mmoja wa kamati aliyekuwa pale alimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja, akaenda zake kwa haraka. Jioni ile ile neno lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la kamati, na sanduku la bati likaanza kutazamwa kwa jicho la mwenye mali. Mwanaheri aliisikia habari kisimani, ndipo nayo ikamfikia mumewe kwa mara ya pili.

"Kitanda nilibeba mimi," alimwambia. "Hilo sanduku ulilibeba wewe. Usilitue kwa maneno."

Mwishoni mwa Julai Sipriani alileta habari kwamba amelipita Mshale Kibiti, na lingefika kesho yake mchana. Kijiji kilifagiliwa. Mwenyekiti alipanga watu mistari miwili, kwa sababu mkaguzi wa korosho ni kiongozi, na kwa sababu mistari ilikuwa inapangwa kwa kila kitu mwaka ule. Wataalamu hawakukaa mstarini. Walishuka wote kwenye mwinuko.

Mwinuko huo uko kaskazini, kabla ya kuingia kijijini, nao ni mchanga mtupu. Miteja ilikuwa na utaratibu wake wa kuyapandisha magari, na iliuonea fahari kuliko gwaride. Chini ya mwinuko yalipangwa magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga. Gari likifika, mtu alipiga ukelele, "Kalieni mkia!" na hapo magunia yalipakiwa nyuma, watu wakarukia nyuma, ili magurudumu yanayosukuma yakanyage kwa uzito na yasiteleze. Mahali pa katikati palikuwa pa Mboni, kwa haki isiyopingika. Hakuna gari lililowahi kuwashinda.

Mshale mpya likatokea saa nane. Lilikuwa la bluu, fupi, pua chini na makalio juu, na wataalamu arobaini walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Februari. Bwana Modesti aliteremka amevaa miwani ya jua, akafungua ule mlango wa nyuma kwenda juu. Watu waliguna kwa furaha. Mlango mzima! Miaka yote walikuwa wakikalia mkia kwa taabu, na sasa kule Ulaya mtu fulani mwenye akili amewafikiria, akawawekea mlango.

"Kalieni mkia!" alipaza sauti Sipriani.

"Ngojeni!" alisema Abdurahmani. "Hilo linavuta kwa mbele. Mkilikalia nyuma mnalinyanyua pua!"

Hakuna aliyemsikia, au walimsikia wakadhani anatetea spana zake. Yakaingia magunia sita. Akaingia Mboni katikati, wakaingia wengine watano. Bwana Modesti akatia gia. Mshale liliinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua, magurudumu ya mbele yakazunguka yakirusha mchanga kwenye vioo vyake lenyewe, na ya nyuma yakatulia tuli, yamebeba watu sita na magunia sita, yakisindikiza.

"Ongezeni uzito!" alisema Sipriani, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Waliongezeka wawili. Gari likazama mbele mpaka kwenye kibati cha namba.

Abdurahmani alichuchumaa, akautazama mchanga uliorushwa, akamtazama Sipriani. Sipriani naye akachuchumaa, akachungulia chini ya gari, akatafuta propela kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta kitu kisichokuwepo.

"Haimo," alisema mwishowe.

"Haimo," aliitika Abdurahmani.

Sipriani alijifuta mchanga magotini. Alikuwa mtu wa haki, hata ilipomuuma. Akamgeukia yule mjumbe wa kamati na kumwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Kafute kwenye daftari lako. Spana ni za fundi."

Lakini gari bado lilikuwa mchangani, na Miteja ilikuwa haijawahi kushindwa. Mboni, aliyekuwa bado amekaa mahali pake pa haki, aliuliza kutoka ndani: "Sasa fundi, mimi nikae wapi? Juu ya boneti?"

"Boneti jipya!" alimaka Bwana Modesti.

"Shuka tu, dada yangu," Abdurahmani alimwambia. "Leo uzito wako tunaupumzisha. Teremsheni kila kitu. Lisukumeni lirudi chini, tuligeuze. Litapanda kinyumenyume. Likitanguliza mkia, injini yake na magurudumu yanayofanya kazi yatakuwa upande wa bondeni, uzito wote utayaangukia. Yatashika."

Bwana Modesti alivua miwani. "Niingie kijijini kinyumenyume? Mwenyekiti amepanga watu mistari miwili."

"Mistari ipo, bwana. Gari ndilo halipo."

Bwana Modesti alifikiri juu ya cheo chake, akaona hakiwezi kupanda mwinuko kwa namna ile. Akatoa ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nitakuja kwa miguu, nikitazama mbele."

Abdurahmani alikaa kwenye kiti kilichonukia plastiki mpya. Alikuwa hajashika usukani tangu trekta za Nachingwea. Akageuza shingo mpaka ikalia, akaweka gia ya nyuma, akaachia klachi polepole kama mtu anayelaza mtoto. Mshale likanguruma, likashika, likapanda. Halikuteleza hata mara moja. Wataalamu walilikimbilia pembeni, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba yeye alikuwa akijua, na Sipriani alitangulia akiwafukuza mbuzi barabarani na kupiga kelele: "Pisheni! Linavuta kwa mbele hilo!" kana kwamba amelibuni mwenyewe.

Ndivyo gari la kisasa kuliko yote wilayani lilivyoingia Miteja, mkia kwanza, katikati ya mistari miwili ya watu ambao hawakuelewa wapige makofi upande upi. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba ya kumkaribisha mkaguzi. Alipoona kwenye usukani shingo ya fundi wa mashine ya kusaga, alikunja karatasi, akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Abdurahmani alisimamisha gari mbele ya ofisi ya kijiji bila kugusa nguzo hata moja. Aliteremka taratibu, maana shingo ilikuwa imekakamaa na ikimlazimisha kutazama kushoto. Kushoto huko, mwishoni mwa mstari wa wanawake, alikuwa amesimama Mwanaheri. Walitazamana.

Mwanaheri hakumwendea mbio wala hakupiga vigelegele. Alimgeukia mgeni mmoja kutoka Kilangala, aliyekuwa akiuliza yule dereva ni nani, akamjibu kwa sauti ya kuwatosha wanawake wote waliokuwa karibu:

"Yule? Yule ni mume wangu. Hilo gari lilikuwa limewashinda."