Ng'ombe wa Mwisho wa Shangazi

Mimi si mtu wa kuisifu serikali; mdomo wangu majirani wanaujua. Ila kwa ng'ombe wa shangazi, acha niseme asante, tena kwa sauti.

Shangazi amekamua maisha yake yote. Zamani kiwanda cha serikali kilichukua maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni. Halafu wakatangaza soko huria, kila mfugaji ajitafutie mnunuzi. Loo! Wanunuzi wenyewe wakawa wanakuja asubuhi tu. Maziwa ya jioni yakawa yanachacha na kumwagwa. Shangazi akauza ng'ombe mmoja mmoja, akabaki na Malkia, mwekundu, mwenye maringo kuliko bibi harusi.

Ndipo serikali ikawashika mkono wafugaji. Kila nyumba ikapewa friji ya kupozea maziwa ya jioni, na mtaalamu wa mifugo akawa anapita kuwatembelea. Shangazi akafurahi kama mtoto. Lakini wiki ile ile mnunuzi akarudisha kopo: maziwa yamekatika njiani. Kesho yake tena.

"Friji yenyewe mbovu!" shangazi akafoka. "Wametudanganya." Akamwita mchinjaji aje kumchukua Malkia. Roho iliniuma, nikamkimbilia mtaalamu.

Alikuwa binti mpole. Akaomba kuona shangazi anavyofanya kazi. Shangazi akakamua, kisha akamimina maziwa yale, bado ya moto, juu ya yale ya jioni ya baridi kutoka kwenye friji, kopo lijae, kama enzi za kiwanda.

"Hapo hapo, mama!" binti akadaka kopo. "Ya moto yanayaharibu ya baridi. Yapoze kwanza peke yake, ndipo uchanganye."

"Mimi nimeanza kukamua mama yako hajazaliwa!"

"Najua, mama. Jaribu kesho tu, kwa ajili yangu."

Akanuna, lakini akajaribu. Asubuhi mnunuzi akachukua maziwa. Kesho yake akarudi na kopo tupu, akacheka. "Mama, yamefika salama. Kuanzia leo nachukua yote."

Shangazi akamkumbatia yule binti, maziwa yakimchuruzika mikononi. "Mwanangu, umenirudishia kazi yangu. Mungu akubariki, wewe na waliokutuma." Mimi nililia waziwazi, wala sikuona haya.

Mchinjaji, aliyekuja siku hiyo kumchukua Malkia, alikuwa amesimama pembeni na kamba yake. "Sasa mama, mimi nirudi lini?"

"Rudi ukitaka maziwa," shangazi akamjibu, akaenda kumpa Malkia majani.