Maji ya Upeponi

Jirani yangu akichemsha mchaichai, mimi hufunga dirisha. Anadhani nina maringo, nami sijamweleza, kwa sababu ningeanzia wapi? Harufu ile ikishavuka ua, narudi moja kwa moja utotoni, hapahapa Mbale, jikoni kwa Kukhu, bibi yangu mzaa mama. Nauona moshi wa kuni, nakiona kigoda kilichokuwa kikinibana mapaja, na vikombe vya bati vikiwa vimepangwa sakafuni. Ninyi nitawaeleza. Ninyi hamtaniona nikilia.

Tulikuwa tukiishi Jinja, upande wa Masese, karibu mno na ziwa, hata nguo zetu za kanisani zilinuka samaki. Mama alikuwa akianika mukene, wale dagaa wadogo, na kuwauzia wachuuzi wa Buwenge. Baba alikuwa dereva wa lori, Mkenya aliyelelewa Nakuru mjini. Alikuja Uganda na mzigo wa saruji, akamwona mama, akasahau njia ya kurudi. Hivyo ndivyo alivyopenda kusimulia. Mama alikuwa akimjibu kwamba njia hakuisahau, ila lori ndilo lililokufa. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha hao wawili, kila mmoja akivuta upande wake.

Dada yangu aliitwa Nafula. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao sisi tuliuita sikoseli. Siku nyingi hungejua. Alikuwa akinituma dukani, akinicheka ninavyotembea, akiimba kwa sauti mpaka majirani wagonge ukuta. Kisha ghafla maumivu yalikuwa yakimshika kwenye mifupa, vidole vikivimba, macho yakigeuka manjano, na mama akimbeba mgongoni kumpeleka kliniki ingawa miguu yake mirefu ilikuwa ikiburuta. Pale kliniki walikuwa na wimbo wao, na sisi tuliujua wote: mtoto huyu asipigwe na baridi, asipigwe na upepo, anywe maji mengi. Sweta lake jekundu alilivaa hata jua likiwa linachoma mabati. Mimi nililionea wivu sana lile sweta, maana lilikuwa na mifuko.

Basi baba akapata kazi magharibi. Huko ng'ambo ya pili ya nchi, karibu na Ziwa Albert, watu walikuwa wakitafuta mafuta ardhini, na walihitaji madereva. Ulikuwa mji mdogo, barabara moja, maduka machache na upepo. Baba alipotoka kuutazama alituhadithia upepo huo mpaka tukachoka: unavyonyanyua mabati, unavyowalaza mbuzi, unavyomtia mtu mchanga mdomoni akifungua tu aseme habari za asubuhi. Jina la mji nililijua baadaye sana. Nyumbani kwetu uliitwa Upeponi.

Baba aliutaka mji ule kwa moyo wake wote. Tangu nizaliwe alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, wa kulala kwenye lori huko Malaba mpakani akisubiri foleni, na sasa alikuwa amepewa kazi ya kurudi nyumbani kila jioni, pamoja na nyumba ya vyumba viwili na sakafu ya saruji. Alitaka tuhame wote. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliendelea kugeuza mukene wake juani.

Siku moja walikuwa uani wakibishana, naye Nafula na mimi tulikuwa ndani tukichambua mchele. Mama alisema kitu kuhusu upepo na kifua cha mtoto. Baba, ambaye hakuwa mtu mkali, nawaapia, alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Kama si huyu mtoto, saa hii tungekuwa tushahama."

Mkono wa Nafula ukasimama ndani ya ungo. Mlango ulikuwa wazi, na mama aligeuka, akamwona. Nafula akaendelea kuchambua, akitupa chini mchele mzuri pamoja na mawe.

Kuanzia hapo dada yangu alikuwa mzima wa afya. Alivua sweta, akanipa mimi, nami nikavimba kichwa. Alioga maji ya baridi alfajiri akiimba. Ukimwuliza kama anaumwa anakucheka. Mara moja nilimkuta nyuma ya choo ameuma kanga ya mama, machozi yanamtoka, akaniambia amechomwa na mwiba. Nikautafuta mwiba. Kwa bidii kabisa, nikiwa nimepiga magoti, niliutafuta.

Sasa niwaeleze desturi ya kwa Kukhu. Kwao, mwanamke hahamishwi kwenda mbali kabla hajayaonja maji ya huko. Mume huenda, akayachota kisimani kwa mkono wake, akayaleta jikoni kwa mama mkwe. Hapo huchemshwa chai isiyo na maziwa wala sukari, kwa sababu maziwa na sukari ni waongo. Mchaichai tu unaruhusiwa. Wote watakaohama hunywa, na kila mmoja husema kama ataweza kuishi na maji hayo. Mtoto mdogo husema kwanza, asije akafuata mdomo wa wakubwa. Mwenye nyumba, yaani mke, husema mwisho, na la kwake halipingwi na mtu yeyote, hata mume, maana ni yeye atakayeyabeba maji hayo kichwani.

Baba aliyaleta kwenye jerikeni ya njano. Aliifunga kamba kwenye kiti cha lori kana kwamba ni abiria, akatupakia sote, tukaondoka Jinja kwenda Mbale kupitia Iganga na mabwawa ya mpunga ya Tirinyi. Njia nzima alikuwa akipiga miluzi. Nafula alikaa dirishani, kioo kikiwa kimeshushwa, akiacha upepo umpige usoni ili baba amwone.

"Unaona, Baba?" alisema. "Upepo haunifanyi kitu."

"Naona, mama yangu," baba alijibu, akacheka kwa furaha. Mama alikuwa akitazama barabara.

Kukhu alitupokea, akatuketisha, akachemsha. Ndipo harufu ile ilipoingia jikoni, nami sikujua kwamba nitakaa nayo maisha yangu yote. Akamimina. Akanigeukia mimi kwanza.

"Nekesa, onja. Mutoto ndio anasema mbele."

Nilionja. Nikasema ni tamu, na tutakuwa na sakafu ya saruji. Watu wakacheka.

"Na wewe, Nafula?"

Nafula alikishika kikombe kwa mikono miwili, viganja vikiwa wazi, kama mtu anayebeba kifaranga. Alikunywa chote bila kupumzika. Kisha akasema, "Maji ni tamu sana, Kukhu. Twende. Hata kesho."

Baba alikunywa, akasema maji ni mazuri, yeye amekwisha kuyazoea. Akamtazama mama na uso wa mtoto anayengojea pipi.

Mama alikuwa bado hajaonja. Alikuwa akiitazama mikono ya Nafula. Akainua kikombe chake, akanywa kidogo, akakaa nacho kinywani, akameza. Akakiweka chini.

"Hii maji iko na chumvi," akasema.

"Chumvi?" baba akauliza. "Chumvi gani, Mama Nafula?"

"Iko na chumvi. Mimi siwezi ishi na maji ya chumvi."

Baba alionja tena. Kukhu akaonja, akamtazama binti yake kwa muda, akasema kwa Kimasaba, lugha ya kwao, kwamba mwenye nyumba ameshasema. Nami nilipolamba midomo, aminini msiamini, niliiona chumvi. Niliiona wazi kabisa. Ulimi wangu ulisalimu amri palepale, na kwa miaka mingi ningeweza kuapa mbele ya padri kwamba chai ile ilikuwa na chumvi.

Nafula alianza kulia. Alilia kwa hasira, akamwambia mama kwamba ana roho mbaya, kwamba anatunyima baba kwa sababu ya maji. Mama alimwacha aseme yote. Halafu akatoa sweta jekundu mwilini mwangu, akamvika, na safari hii Nafula hakukataa, kwa kuwa sasa alikuwa amemkasirikia mtu mwingine, si nafsi yake.

Baba akaenda peke yake. Mwanzoni alirudi kila mwezi na mchanga kwenye viatu. Kisha ikawa Krismasi na Pasaka. Kisha tukasikia kuna mama fulani kule anayempikia, na baada ya hapo tukasikia kuna mtoto. Majirani wa Masese walimpa mama jina la Mama Chumvi. Walilisema mbele yake, kwa utani, akiwa anapima mukene, naye alicheka nao.

Nafula naye alimsamehe, kwa njia yake. Alimgeuza kichekesho. Mchuzi ukizidi chumvi alikuwa akisema, "Mama, usihame lakini!" Alicheka hivyo miaka kadhaa, nusu kitandani, nusu shuleni, na hakuna siku niliyomsikia akijilaumu kwa baba kuwa mbali. Hilo lilikuwa kosa la mama. Sote tulilijua.

Alifariki msimu wa mvua, hewa ikiwa imetulia tuli, hakuna hata upepo wa kutikisa pazia la wodi. Maji yalikuwa karibu, kliniki ilikuwa karibu, mama alikuwa amemkumbatia. Haikusaidia. Nilikuwa nimeegemea mlango, na nilichokisikia mimi ni mama akimwambia anywe kidogo, anywe kidogo tu, muda mrefu baada ya muuguzi kumshika mama bega.

Tulimzika Bungoma, Kenya, kwenye shamba la ukoo wa baba. Baba alifika kaburi likichimbwa, akiwa amelala njiani siku mbili, akaketi chini kwenye udongo na suruali yake nzuri. Shangazi yangu, dada yake, alimwona vile, hasira zikampanda, akamgeukia mama mbele ya waombolezaji.

"Chumvi!" alisema. "Ndugu yangu hakumlea mtoto wake kwa sababu ya chumvi! Sasa kunywa hiyo maji yako tamu, unywe peke yako!"

Nilimtazama mama nikingoja ajibu. Niliomba ajibu. Alijifunika kanga hadi machoni. Na mimi, Mungu anajua, nilikuwa upande wa shangazi.

Miaka ilipita. Nikawa mtu mzima, mwalimu hapa Mbale, na mama akahamia nyumba ya Kukhu, ambaye naye alikuwa ametutoka. Mwaka jana baba aliugua mguu, nikaenda kumtazama Upeponi. Upepo ni kama alivyousema. Nilishuka garini ukaninyang'anya kitambaa kichwani, mtu wa kwanza niliyemsalimu nikamtemea mchanga. Baba alikuwa kibarazani, mzee, mwembamba, mkewe mwenye staha akaniletea maji ya kunywa kwenye bilauri.

Nikanywa. Nikasimamisha bilauri mdomoni. Nikanywa tena, nikitafuta.

"Baba, mlichimba kisima kingine?"

"Kisima ni kilekile," alisema. Alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Unaisikia?"

"Sisikii chochote."

"Hata mimi," baba alisema. "Miaka hii yote nakunywa, natafuta hiyo chumvi ya mama yako. Nilidhani ulimi wangu ndio mbovu."

Hakuuliza zaidi. Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Nami, nikiwa na bilauri mkononi, nikaiona tena mikono ya Nafula, viganja vilivyofunguka, vidole vilivyovimba mpaka haviwezi kukunjika. Siku ile ya chai alikuwa katikati ya maumivu na alikuwa akiyameza pamoja na maji. Mama aliona. Kama angesema ukweli, kwamba hatuhami kwa sababu ya mtoto, Nafula angeubeba ule mzigo hadi kaburini, yeye ambaye tayari alimsikia baba kutoka uani. Kama angenyamaza, tungehama, na binti yake angetabasamu kwenye upepo ule mpaka umuue. Akatafuta kitu cha tatu ndani ya kikombe, na hakikuwamo, akakisema hata hivyo. Kikamgharimu mume, na jina lake zuri, na mimi pia, kwa muda mrefu. Hapo kibarazani nililia mpaka mke wa baba akaingia ndani kunipisha.

Nilirudi na maji yale kwenye kichupa. Nilichemsha chai jikoni kwa Kukhu, mchaichai tu, bila maziwa, bila sukari, nikampa mama kikombe chake bila kusema nimeyatoa wapi. Alinusa, akanitazama. Nilitaka kumwambia kwamba najua. Nilitaka kumwomba aseme, sasa, kwa kuwa Nafula hayupo, hakuna tena wa kumkinga.

Alikunywa polepole hadi mwisho.

"Iko na chumvi," akasema, akaninyooshea kikombe nimwongezee.