Kikombe cha Mama na Moshi wa Ubani

Leo asubuhi nimefungua mashine ya kuoshea vyombo, mwenzangu, moyo ukanipasuka paa! Kikombe cha marehemu mama kimo ndani, kimepangwa vizuri baina ya glasi, kinanukia sabuni ya limau. Binti yangu alikuja kunitazama wikendi, na jana kabla ya ku-drive kurudi chuoni akanioshea vyombo vyote. Hakujua, mtoto wa watu. Sikuwahi kumwambia kwamba kikombe kile hakiguswi na sabuni.

Ukikiona hutakitamani. Ni udongo mtupu wa Kijapani, umechomwa kwa kuni bila kupakwa chochote cha kuung'arisha. Rangi yake hudhurungi, na ubavuni kina baka jeusi pale moto ulipokilamba. Ukikitia mdomoni kinakwaruza kidogo. Lakini maji ya kikombe kile, wallahi, ni matamu kuliko ya glasi yoyote.

Nilikulia huku ughaibuni, mji wa Hopkins, kwenye apatmenti kuukuu za matofali, mimi na mama tu, tumetoka Mombasa. Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli, na shifti yake iliisha jioni. Nikitoka shule nilijifungulia mlango mwenyewe, nikakaa kusikiliza friji ikiunguruma. Nilikuwa mpweke, sikufichi. Mpaka siku moja mlango wa pili ukafunguka, jirani yetu, ajuza wa Kijapani aliyefiwa na mumewe, akaniashiria niingie. Tangu hapo kila akisikia funguo zangu alifungua.

Alininywesha chai ya kijani isiyo sukari. Mimi mtoto wa Mombasa, chai bila sukari! Nilidhani imemwishia, nikaona haya kuuliza. Kabla ya kumimina alikizamisha kikombe kwenye bakuli la maji. Kilitoa sauti ndogo, tsss, na rangi ikakolea. Kikombe chanywa kwanza, alisema, ndipo unywe wewe. Akimaliza alikiosha kwa maji ya moto na kiganja chake tu, akakianika dirishani mpaka kikauke kabisa. Udongo huu una vinyweleo, alinieleza, kila unachoupa unakishika. Kwa hivyo hakujipaka hata manukato, asije akaiharibu chai.

Mama alimwita shoga, ingawa alikuwa makamo ya mamake. Kizungu cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji, lakini walicheka pamoja kuliko watu wanaoelewana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mama alizoea kusema. Ndugu zetu walikuwa ng'ambo ya bahari, na wa kutufungulia mlango alikuwa huyu.

Baridi moja nikashikwa na homa, mama yuko kazini. Jirani akaja kukaa nami, akaninywesha chai yake kwa kikombe kile kile chake akipendacho, akakisahau kwetu. Sasa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, wajua. Mama akatafuta tende nzuri. Halafu akakigeuzageuza kikombe, akaona ni udongo mtupu, akafanya vile bibi yangu kule Mombasa alivyoufanya mtungi wake wa maji maisha yake yote, ili maji yanukie. Aliwasha makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akakifudikiza kikombe juu ya moshi. King'ora cha moshi kikalia jengo zima! Mimi na homa yangu juu ya kiti, napunga leso, mama anacheka mpaka machozi.

Jirani akakipokea kikombe na tende zake kwa mikono miwili. Akakinusa. Akazitoa tende, akakizamisha majini, akamimina chai papo hapo. Alipoonja nyusi zikampanda, na mimi nikafahamu. Ubani ulikuwa umeingia udongoni, na chai yake haingerudi kuwa chai katika kikombe kile. Mama amesimama mbele yake anatabasamu, angoja kusifiwa. Yule ajuza akanywa taratibu mpaka mwisho, akakipindua kikombe juu ya kiganja kuonyesha hakuna tone. "Nzuri," akasema. Lilikuwa neno pekee la Kiswahili nililomfundisha.

Tangu siku ile kikombe kile kikawa cha mama kila akenda kunywa chai, na jirani mwenyewe akatumia kingine. Mama aliona ni heshima, na kweli ilikuwa heshima. Mwana wa yule ajuza alipokuja kumchukua akaishi naye mbali, alimwachia mama kikombe. Na kila Ijumaa mama alikifukiza, king'ora kilie kisilie.

Sasa mama hayupo. Mimi naishi mji wa Plymouth, si mbali na Hopkins, ambako majirani nawajua kwa magari yao. Sijakifukiza tena, kwa kuogopa moshi wangu usifunike wake. Kila Ijumaa nilikuwa nakizamisha majini tu, na mvuke wa ubani ukapanda kidogo, kama mama amepita ukumbini. Kila nikikitumia ulipungua. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki.

Basi leo nimekizamisha. Tsss. Nikangoja, nikakileta puani. Limau. Nikakizamisha tena, limau tupu. Nikalia jikoni, mtu mzima na akili zangu.

Simu ikalia. Binti yangu, kwa Kizungu chake, aniuliza: mama, umeona jikoni nilivyokusafishia? Sauti imejaa furaha, angoja kusifiwa.

"Nimeona, mwanangu. Vyombo vimetakata. Mungu akuweke."

Akakata, ana darasa. Nikapika chai, nikamimina katika kile kikombe, nikanywa taratibu na sabuni yake mpaka mwisho, nikakipindua juu ya kiganja. "Nzuri," nikasema, na hapakuwa na wa kunisikia.