Swali langu la ng'ombe lilivyokaribia kumtoa Talaso kwenye kilabu cha sola

Wakuu, salaam aleikum kwa wanaoitikia hivyo, na habari zenu kwa sisi wengine.

Haya ni yangu mwenyewe na sijayatia chumvi. Kuna sehemu inayoniaibisha, nimeiacha vilevile ilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa Physics, sekondari moja huku Kinna, kwa wafugaji. Ni Mturkana, nimezaliwa na kukulia Bulla Pesa, Isiolo mjini. Hiyo ya kuwa Mturkana ishikeni, mtaihitaji mbele.

Mwaka juzi shule ililetewa boksi la vitabu na wafadhili. Vitabu vizuri, karatasi nzito, picha za rangi. Vyote vilikuwa vya kuwaonyesha wanafunzi kazi za teknolojia ya mazingira.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mzungu amevaa jaketi kubwa, amesimama kwenye theluji kando ya mtambo wa upepo.

Form Three wakaangalia kwa adabu. Kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hii kazi ni ya watu ya barafu tu, ama?"

Darasa likacheka. Mimi nilicheka pia, lakini iliniuma. Hapo nje ya dirisha kuna jua la kuchoma kichwa, na kila borehole ya karibu, yaani kisima kirefu cha pampu, inaendeshwa na sola. Ikiharibika, fundi anatoka mbali, watu wanangoja siku nyingi na mifugo inalia. Kazi iko mlangoni kwao, kitabu kinawaonyesha theluji.

Nikaamua nitengeneze vifaa vyangu.

Wakuu, nilitengeneza. Likizo nzima. Kadi za kufundishia, kila moja na kazi yake: fundi wa sola, mpimaji wa maji, mtu wa kugeuza mathenge kuwa makaa. (Kwa wageni, mathenge ni ule mti wa miiba unaovamia kila mahali huku.) Nikachora paneli kwa mkono, nikapeleka cyber mjini zikalaminetiwa kwa plastiki. Nilizibeba kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya pampu ya maji. Nilitaka wanafunzi wapige hesabu ya maji yanayohitajika, ndipo wajue paneli ngapi zinatosha. Kwa hivyo swali la kwanza, kwa herufi kubwa, lilisema:

NYUMBANI KWENU MNA NG'OMBE WANGAPI?

Mnaocheka huko Marsabit na Garissa, nawasikia. Endeleeni tu.

Niliwapa waende nazo nyumbani Ijumaa. Jumatatu karatasi za majibu zikarudi, swali la kwanza halijajibiwa. Mmoja aliandika "wapo". Mwingine akaandika "Alhamdulillahi".

Nikakasirika. Nikawaambia ni wavivu. Hebu fikiria, mjukuu wa wafugaji nasimama mbele ya darasa kuita watoto wavivu kwa kukataa kuhesabu mifugo hadharani. Bibi yangu angesikia angenichapa na fimbo yake ya kutembelea. Kwetu Waturkana pia, kama kwao, mifugo haihesabiwi. Ukihesabu unaita hasara, baraka inaondoka. Na kusema kweli, anayekuja kuuliza hesabu ya ng'ombe huku mara nyingi ana shida moja: anataka kuwapunguza.

Nilijua haya yote toka utotoni. Chuo kiliniondolea, sijui kilipitia wapi.

Wiki hiyo Talaso hakuja kwenye kilabu cha sola ninachokiendesha baada ya masomo.

Talaso ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Msichana wa maneno machache, lakini ukimpa waya na balbu anakuwa mtu mwingine. Alishaniambia anataka kuwa yule fundi anayengojewa siku nyingi, ila yeye awe anakaa hapa hapa.

Nikamwuliza. Akaangalia chini: "Baba amesema hiyo kitu ya sola niwache. Amesema nisome zingine."

Kwa nini?

"Ulituma mimi nimwulize ng'ombe yake."

Sikulala vizuri siku hizo. Kosa ni langu, na anayelipia ni yeye.

Jumamosi nikakopa pikipiki nikaenda boma kwao. Baba yake, Mzee Guyo, ni aba herega, yaani ndiye anayepanga zamu ya kunywesha pale borehole: nani aanze, nani afuate. Kazi ya heshima na ya lawama, zote kwa pamoja.

Nikasalimia, nikaletewa chai ya maziwa. Tukaongea mvua. Tukaongea majani. Nilipomaliza kikombe cha pili nikasema nimekuja kuomba msamaha, nilikosea, na mimi mwenyewe ni mtoto wa wafugaji kwa hivyo sina hata pa kujificha.

Kisha akasema:

"Mwalimu, wewe unataka kujua ng'ombe ama unataka kujua maji?"

Maji, Mzee.

"Sasa mbona hukuuliza maji? Mimi sihesabu ng'ombe. Lakini birika nahesabu kila siku."

Wakuu, kikombe nilikiweka chini. Birika ndilo lile la simenti la kunyweshea. Anajua linajaa mara ngapi kutoka asubuhi mpaka jioni. Pima birika moja, zidisha, umepata lita zako zote, na hakuna ng'ombe wa mtu aliyetajwa. Likizo yangu nzima ilishindwa na mzee mmoja na kikombe cha chai.

Halafu akanieleza shida yake. Asubuhi birika linajaa polepole sana, jioni linajaa haraka. Wenye zamu ya asubuhi walishaanza kusema Guyo anabania watu fulani maji, anapendelea wengine. Wengine walisema pampu imezeeka, ibadilishwe. Yeye hakujua aseme nini, na kazi ya kupanga zamu ilikuwa karibu apokonywe.

Nikamwomba kitu kimoja: Talaso arudi, alipime hilo birika.

"Apime," akasema. "Lakini asihesabu kitu inakunywa."

Nikachora kadi upya. Swali la kwanza: BIRIKA LENU LINAJAA KWA DAKIKA NGAPI, NA SAA NGAPI?

Talaso alikaa pale borehole wikendi tatu na simu ya mama yake, stopwatch mkononi. Akachora grafu. Akaja nayo kwangu na swali ambalo sikuwa nimelifikiria: jua la saa tatu asubuhi na la saa kumi jioni lina nguvu karibu sawa, sasa kwa nini saa kumi birika linajaa kwa nusu ya muda ule?

Nikamwambia sijui. Nenda ukasimame kwa paneli saa tatu.

Akaenda, akaona. Upande wa mashariki mathenge ilikuwa imekua, kivuli chake kinalala juu ya paneli mbili za mwisho mpaka karibu saa nne na nusu. Na paneli zikiwa zimeungwa kwa mstari mmoja, kivuli kwa chache kinavuta zote nyuma.

Mzee Guyo na wenzake wakakata ile mathenge. Jumamosi iliyofuata birika la saa tatu likajaa kama la saa kumi.

Talaso alisimama mbele ya wazee wa kamati ya maji akawaonyesha grafu, kabla na baada. Mimi nilikaa nyuma. Hakuna aliyesema tena kwamba Guyo anabania watu maji.

Kadi ile sasa inatumika shule nyingine za huku, na kule Rapsu wanakolima wameibadilisha wanapima mifereji ya shamba. Boksi la theluji bado lipo stoo. Talaso mwenyewe yuko chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza, anasomea sola na pampu za maji. Naandika hii nikijivuna na sitaki kuficha.

Nilichojifunza: kama unatengeneza vifaa vya kufundishia, anza kwa kuuliza watu wako wanapima nini tayari. Kipimo kipo. Ni wewe hujakaa chini unywe chai.

Na hili la mwisho. Siku ya wazazi, kabla Talaso hajaondoka, Mzee Guyo aliombwa aseme neno. Haongei mbele za watu, lakini alisimama.

"Mimi sihesabu ng'ombe," akasema. "Na watoto sihesabu. Lakini huyu," akamnyooshea fimbo binti yake, "huyu nimehesabu. Fundi moja."

Akakaa. Nilijifanya nasafisha miwani.

Haya, walimu na wazazi mlio humu, nyinyi kwenu mlikosea swali gani? Mwageni hapa chini nisibaki na aibu peke yangu. Ila tafadhali, msiniulize mafundi wangu sasa wamefika wangapi.