Kwa Basi la Nyaya Hadi Maji ya Chai

Dada mkubwa wa baba mkwe wangu anaishi Maji ya Chai, na macho yake yanazidi kufifia. Alituma ujumbe kwamba anataka kumwona mdogo wake angali anaona. Ndiyo sababu ya safari hii, na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Tatizo lilikuwa kunyanyuliwa. Tangu akatwe mguu, Baba anatumia kiti cha magurudumu, na kupanda teksi ni lazima abebwe. Anayemkubali ambebe ni mume wangu tu, naye yuko kazini Dodoma. Mimi ni mke wa mwanawe. Kwa desturi ya kwao simgusi hata bega. Vijana wa jirani aliwafukuza, akisema yeye si gunia la mahindi.

Njiro, asubuhi. Basi jipya la umeme, lile linalochukua nguvu kwenye nyaya za juu, lilikuwa katika majaribio. Lilipofika kituoni liliinama upande wa mlango, ubao ukatoka, nikakisukuma kiti hadi ndani. Baba akaweka kofia yake vizuri, akawatazama abiria kana kwamba basi ni lake.

Kuanzia Kijenge sikutulia. Kila nyaya zilipolia juu ya paa nilishtuka. Mlima Meru ulikuwa kushoto kwetu, umejifunika mawingu, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuutazama?

“Mama Neema, tulia,” Baba akaniambia. “Basi halisukumwi na macho yako.”

Usa River, mikono ya chuma ya juu ya paa, ile inayoshika nyaya, ikachomoka, tukasimama. Dereva, mama wa Kichaga mwenye glavu nene, alishuka akavuta kamba za mikono hiyo hadi ikashika nyaya tena. Mimi nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, bila kumsaidia chochote.

Maji ya Chai, kituo kilikuwa bado hakijajengwa. Kati ya basi na soko palikuwa na mtaro, na kivuko chake ni chembamba: mtu anapita, kiti hakipiti. Dereva akapendekeza wanaume wa sokoni wambebe. Baba akayakamata magurudumu.

“Nirudishe nyumbani.”

Nilimkasirikia, nasema kweli. Ng'ambo ya mtaro dada yake alikuwa amesimama, ameshikwa mkono na jirani, akigeuza kichwa kutafuta sauti yetu ilipo. Kwao mdogo ndiye humfuata mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia apande yeye. Nikavuka, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akauliza basi lina ngazi ngapi, maana magoti yake yalishazikataa za daladala. Nikamwambia halina hata moja.

Akavuka polepole, akaingia. Alimshika Baba uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu kabisa na macho yake.

“Umezeeka vibaya, mdogo wangu.”

Baba akacheka, kisha akalia. Dereva alituacha hivyo hadi muda wake wa kurudi ulipofika, dada wa Baba akashuka.

Njiani kurudi nilielewa kwamba mzee huyu niliyemwita mkaidi alikuwa akingoja tu chombo kinachoweza kumwinamia. Tulipokaribia Njiro akanituma nimuulize dereva basi litakuwepo hadi lini. Nikarudi nikamwambia majaribio yanaisha Jumamosi, na ya mbele hayajulikani.

Akafikiri kidogo.

“Tutakwenda tena Ijumaa.”